Waliokuwa Ukutani

Sisimizi ndio walioanza. Mpiga pasi aliwaona Jumatatu asubuhi alipoingia chumbani kwa mama mkwe wake na beseni la maji ya kumwosha uso. Mstari mwembamba mweusi, umenyooka kama umechorwa kwa rula, ulitoka chini ya dirisha, ukapita juu ya kitanda na kuishia katikati ya ukuta, mahali pasipokuwa na kitu chochote. Akawafuta kwa kitambaa cha sabuni. Alipomaliza kumbadilisha mama nguo, walikuwa wamerudi.

Jina hilo la Mpiga pasi alilipata kazini. Miaka kumi na minne alikuwa akifua na kunyoosha mashuka ya hospitali, na viganja vyake vilikuwa vimekomaa hivi kwamba wenzake walimtania: siku umeme ukikatika, watanyooshea mashuka mikono yake. Mumewe alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, mtu wa kuonekana nyumbani siku nne kwa mwezi, na watoto wao wawili walikuwa shule ya bweni. Kwa hiyo mama mkwe alipopata kiharusi na ndugu wakakaa kikao kuulizana nani atamchukua, macho yote yalimgeukia Mpiga pasi kabla hata hajakaa vizuri kwenye kiti.

Akamchukua. Si kwamba wawili hao walikuwa wakipikika chungu kimoja. Enzi zake mama mkwe alikuwa muuza mitumba sokoni, mwanamke wa sauti, aliyeweza kumwita mteja aliye upande wa pili wa soko na mteja akaja huku akiomba radhi kwa kuchelewa. Miaka yote hiyo alikuwa akimsema mkwe wake kwa kila kitu: chai haina majani, watoto wamekonda, pazia limekaa upande. Sasa upande wa kulia wa mwili wake ulikuwa umekufa, mdomo umepinda, na katika maneno yote yale lilibaki moja tu.

"Wapo."

Alilisema akilishwa uji. Alilisema akigeuzwa, akivalishwa, akichanwa nywele. Alilisema huku macho yameelekea ukutani, na kiganja cha mkono wa kushoto, ule mzima, amekibandika pale pale kando ya mto, kama mtu anayemtuliza mtoto alale.

"Nani wapo, Mama?"

"Wapo."

Wifi yake Mpiga pasi, yaani binti wa yule mama, alipokuja kumtazama mgonjwa na kulisikia neno hilo, alitoka chumbani mbio na kuangua kilio sebuleni. "Wifi, anawaona waliotangulia," alisema. "Wamekuja kumchukua. Jiandae."

Habari ikasambaa kwenye ukoo, na nyumba ikaanza kupata wageni wa kuaga. Walikaa kwenye ncha ya kiti, wakaongea kwa kunong'ona, na kila mara mmoja wao alikuwa akiutupia jicho la wizi ule ukuta. Mjane mmoja wa huko kwao alimwomba mgonjwa amfikishie salamu marehemu mumewe, na amwambie kwamba bado hajaolewa. Mama mkwe alimtazama kwa jicho ambalo, zamani zile za sokoni, lingefuatiwa na tusi.

Mpiga pasi hakuwa mtu wa kuamini mizimu. Lakini hakupenda tena kukigeuzia mgongo kile chumba.

Kilikuwa chumba cha watoto, kilichoongezwa nyuma ya nyumba na mumewe miaka michache nyuma. Tofali zake zilinyonya maji ya mvua, rangi ikawa inabanduka, basi mume akapigilia plaiwudi kwa ndani, akaacha nafasi ya upana wa kiganja kati ya mbao na tofali ili pawe pakavu. Plaiwudi ikapakwa rangi ya samawati. Kitanda cha mama kilikaa ubavuni mwa ukuta huo, na juu ya stuli palikuwa na redio ndogo. Mpiga pasi aliiwasha kila alfajiri kabla ya kwenda kazini, na ilisema peke yake hadi usiku, ili mgonjwa asijione ametupwa. Saa sita mchana jirani aliingia kumpa chakula na kumgeuza. Mpangilio huo haukuwa mbaya.

Jumanne alipaka mafuta ya taa kwenye njia ya sisimizi. Wakazunguka. Jumatano akanyunyiza majivu, na Alhamisi akatoka dukani na unga wa dawa ya wadudu, akaumwaga mstari mzima kuanzia dirishani. Sisimizi walikufa kwa mamia, na wenzao wakapita juu ya maiti zao kwenda kule kule. Inzi nao wakaanza kuingia, wakubwa na wavivu, hata akalazimika kukishusha chandarua cha mama mchana na usiku.

Ijumaa jioni aliporudi kazini, miguu inawaka moto, alikuta doa ukutani. Lilikuwa na ukubwa wa sahani ya kikombe, rangi ya kahawia, mahali pale pale mama alipozoea kuweka kiganja. Aliligusa kwa kidole. Linanata. Akanusa, tamu.

Akili yake ilikwenda moja kwa moja kwenye uji.

"Mama," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Mimi natoka kazini nimekufa kwa uchovu. Nakuosha, nakulisha, nalala nusu, sikio liko kwako. Halafu uji ninaokupikia unanipakia ukutani? Ndiyo maana sisimizi hawaishi! Ni kunikomoa, au ni nini?"

Mama mkwe alitikisa kichwa, kidogo, upande mmoja. "Wapo," alisema. Akajaribu tena, shingo ikisimama mishipa, kama anayevuta kitu kizito kutoka kisimani. "Wapo. Wapo!"

"Hakuna mtu, Mama! Hakuna!"

Alifuta doa. Kisha akafanya jambo ambalo baadaye hakumsimulia mtu kwa muda mrefu. Alikwenda kwenye sanduku la watoto, akachukua soksi ya shule, akamvisha mama mkono ule mzima na kuufunga kwa kitambaa kwenye kiwiko cha mkono, ili asipakae tena. Machozi yalimtoka yule mama jicho moja tu. Mpiga pasi aliyaona, akazima taa, akaenda kulala.

Kesho yake, Jumamosi, hakuwa na zamu. Saa tano mchana alikuwa amekaa kitandani akimkata mama kucha za miguu, redio inasoma matangazo ya vifo, mara umeme ukakatika. Redio ikanyamaza katikati ya jina la mtu.

Kwa mara ya kwanza tangu mgonjwa aletwe, chumba kile kilikuwa kimya mchana. Lakini hakikuwa kimya.

Mwanzoni alidhani ni lori. Ule mngurumo wa chini, wa injini iliyosimama bila kuzimwa, alikuwa ameuzoea. Ndiyo ilikuwa sauti ya mume kufika nyumbani. Akainuka kwenda dirishani, moyo umeshachangamka. Nje hapakuwa na lori. Akarudi kitandani, na sauti ikaongezeka. Akasogeza kichwa ukutani, polepole, akabandika sikio kwenye rangi ya samawati.

Plaiwudi ilikuwa na joto. Si joto la jua. Upande ule haukupata jua. Lilikuwa joto la shavu la mtu mwenye homa. Na nyuma ya mbao, unene wa kidole tu kutoka kwenye sikio lake, maelfu kwa maelfu ya vitu vyenye uhai vilikuwa vikitetema kwa pamoja.

"Wapo," alisema mama mkwe nyuma yake, taratibu, kama anayemrudia somo mtoto mzito wa kuelewa.

Mpiga pasi alizunguka nyuma ya nyumba. Palikuwa na tundu kwenye tofali, mahali bomba la zamani lilipopita, na nyuki walikuwa wakiingia na kutoka hapo kama wafanyakazi kwenye geti la kiwanda. Hawakumjali. Alisimama akiwatazama, akahesabu miezi mitatu ambayo mama alikuwa amelala pale, kichwa kando yao, akiwaambia watu ukweli mtupu na watu wakimjibu kwa vilio na salamu kwa marehemu.

Alirudi ndani, akamfungua soksi.

Mwenzake mmoja wa kazini alimpa namba ya mfuga nyuki. Huyo alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo aliyatoa kwa kupima.

"Usipulize dawa," alisema kwenye simu. "Usizibe tundu. Ukiwazibia njia yao watatafuta njia yako. Mtoe mgonjwa humo. Nitakuja kesho jioni, jua likipoa."

Kumtoa kulihitaji watu wawili. Mama mkwe alikuwa na mwili, na daktari alikuwa ameonya asije akaburutwa. Mpiga pasi akampigia mumewe, mume akiwa mbali njiani, naye akasema asihangaike, atamtuma mdogo wake kesho asubuhi wambebe pamoja. "Kama wamekaa miezi yote hiyo bila kumgusa mtu, usiku mmoja ni nini?"

Mdogo mtu huyo ukoo mzima ulimwita Mjuzi. Hakuna kitu ambacho hakujua kukitengeneza, na hakuna kitu alichokitengeneza kikafanya kazi tena. Alifika Jumapili saa nne, na mfuko wa plastiki mkononi.

"Shikamoo, Mama!" alipaza sauti kutoka mlangoni, bila kuingia. Kisha akamgeukia shemeji yake. "Mfuga nyuki wa nini tena, shemeji? Nyuki ni inzi aliyepewa sindano. Basi."

"Amesema tusiwaguse."

"Lazima aseme hivyo. Ungemsikia daktari anakwambia nenda ukajitibu?"

"Shemeji, tumtoe Mama kwanza. Nakuomba. Nasuuza haya mashuka mawili, nalaza godoro sebuleni, tunambeba."

"Ndiyo, ndiyo. Suuza. Mimi naenda kuwaangalia tu."

Bomba lilikuwa mbele ya nyumba. Mpiga pasi aliinama juu ya beseni, na kwa sababu ya maji yaliyokuwa yakimwagika hakusikia mtikisiko wa makopo mawili ya dawa yaliyokuwa kwenye ule mfuko. Wala hakuona Mjuzi alipomaliza kupuliza na kuchota kiganja cha saruji mbichi aliyokuja nayo kwenye mfuko huo huo, akakisukumia kwenye tundu na kukisawazisha kwa kidole gumba, kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya.

Alichosikia ni ukelele. Shemeji yake alipita mbio ubavuni mwa nyumba, koti limefunika kichwa, mikono inapiga hewa, wingu linamfuata. Alifika getini, akakosa kitasa, akaanguka.

Mpiga pasi aliinua mguu kumkimbilia. Ndipo akausikia mngurumo mwingine, nyuma yake, ukitokea ndani ya nyumba.

Hakufikiri. Alichomoa shuka kwenye beseni bila kulikamua, akajitanda kichwani hadi magotini, akaingia kwenye ukumbi mdogo uliokwenda chumbani kwa mama, akasukuma mlango.

Chumba kilikuwa kimebadilika mwanga. Dirisha lilikuwa limejaa nyuki hadi jua linaingia kwa vipande. Walikuwa wakitoka kwenye swichi ya ukutani, kutoka nyuma ya kifuniko chake, kama maji yanayobubujika. Walikuwa wakitoka juu, mbao ilipokutana na dari, na kutoka kwenye lile doa ambalo sasa lilikuwa limelainika na kupasuka. Umeme ulikuwa umerudi. Redio ilikuwa imewaka, na mtangazaji alikuwa akizungumza kwa upole juu ya umuhimu wa kupanda miti.

Chandarua kilikuwa kimeshuka, na upande wa ukutani hakikuwa cheupe tena. Ndani yake mama mkwe alikuwa amelala macho wazi, mkono wake mzima ameukunja kifuani. Hakulia, hakuwa na sauti ya kulilia. Hata neno lake alikuwa ameliacha.

"Nimekuja, Mama."

Alivuta kamba za chandarua hadi misumari ikang'oka darini, akamviringishia mama ile neti kama ilivyokuwa, akamfunika juu yake shuka la maji alilojivua mwenyewe. Hapo ndipo walipomwona yeye. Wa kwanza alimpata shingoni, wa pili kwenye kope, na baada ya hapo hakuweza tena kuhesabu. Akashika ncha mbili za godoro na kuvuta. Daktari alikataza kuburuta. Hakukumbuka kama kuna daktari duniani. Miaka kumi na minne alikuwa akinyanyua mashuka yaliyolowa kutoka kwenye mapipa ya hospitali, na uzito wote ule aliowahi kuubeba, ilionekana, alikuwa akijizoeza kwa ajili ya godoro hili. Lilishuka kitandani kwa kishindo. Likanasa mlangoni. Akalipiga teke, likapita. Akafunga mlango, akaburuta hadi sebuleni, akafunga mlango wa pili, akakimbia nje kuchukua shuka lililobaki na kulishindilia chini ya mlango kwa vidole ambavyo vilishaanza kuvimba.

Nyuki walioingia nao sebuleni aliwaua mmoja mmoja kwa ndala. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba. Alipomfunua mama, alikuta ameumwa mara tano, mara nne kwenye kiganja.

Majirani walikuwa wamemfunika Mjuzi kwa mablanketi na kumkimbiza hospitali. Koo lilikuwa linaziba. Alilazwa siku nne, na muuguzi aliyemchomoa miiba alisema aliacha kuhesabu ilipofika themanini.

Mfuga nyuki, alipopigiwa simu, hakusubiri jioni. Alikuja na kopo la moshi, vazi lake jeupe na ndoo sita, akakaa mle ndani saa tatu. Alipotoka alimwita Mpiga pasi aone.

Alikuwa ameibandua plaiwudi. Masega yalining'inia kutoka darini hadi karibu na sakafu, safu kwa safu, marefu kuliko mtu, meusi yale ya zamani na ya njano yale mapya. Chini yalikuwa marundo ya nyuki waliokufa, unene wa zulia, na wengine wakijinyonganyonga bado. Harufu ya asali na harufu ya dawa zilikuwa zimechanganyika.

"Hawa wana zaidi ya mwaka," alisema. "Tazama hapa." Alionyesha kwa kisu sehemu moja katikati, iliyosongamana kuliko kwingine kote. "Hapa ndipo wanapolea watoto. Hapa huwa na joto siku zote."

Mpiga pasi alitazama. Ilikuwa sawasawa na mahali pa mto, mahali pa kiganja.

"Asali msionje, wala msimpe mtu. Ina sumu. Nitaifukia yote, kina cha kiuno." Aligeuza kipande cha sega kwenye mwanga, akavigusa vitu vitatu vilivyoning'inia ukingoni kama ganda la karanga, vitupu. "Na hawa hawakuwa wote."

"Una maana gani?"

"Malkia mpya ametoka hapa. Kundi linapokuwa kubwa hugawanyika. Nusu waliondoka na malkia wa zamani, wiki mbili, labda tatu zilizopita. Hukumwona mtu akilalamika juu ya nyuki wengi hewani?"

"Sikusikia."

"Basi wameshapata mahali." Alitazama mtaa, nyumba zilizobanana, mapaa yenye nyufa, matundu ya hewa juu ya kila dirisha. "Huwa hawaendi mbali."

Mpiga pasi aliwapitishia majirani habari hiyo mwenyewe, uso umevimba hivi kwamba watoto walijificha wakimwona. Wengine walicheka. Wengine hawakucheka, na juma zima ungeweza kuwaona watu wazima wakiwa wamesimama vyumbani mwao na masikio ukutani, wamezima kila kitu, wanasikiliza. Hakuna aliyewapata. Hilo halikumtuliza mtu.

Mume alirudi Alhamisi. Alizunguka kile chumba, akashika kiuno, akasema atapigilia mbao mpya na mama atarudi kitandani kwake kabla hajaondoka.

"Hapana," alisema Mpiga pasi.

Katika miaka yote ya ndoa yao mume hakuwa amelizoea neno hilo. "Hapana nini?"

"Mama harudi humu. Atalala chumbani kwetu, mimi naye. Wewe ukija utalala sebuleni."

Mume alitazama jicho la mkewe lililokuwa bado limefumba, akachukua mto wake, akaupeleka sebuleni.

Lililobaki halikuwa la mume. Jioni hiyo alipika uji, akapiga magoti kando ya kitanda chake mwenyewe, ambako mama mkwe alikuwa amelazwa, mkono umefungwa bendeji.

"Mama, nilikuvisha soksi," alisema. "Nilikufokea. Ulikuwa unaniambia, na mimi nikakufanya mwendawazimu. Nisamehe."

Mama mkwe alimtazama. Halafu akageuza uso upande wa pili.

Siku tatu alikula kutoka kwa jirani tu. Mkwe wake akisogeza kijiko, mdomo ulifungwa, ule upande uliokuwa ukiweza kufunga. Mpiga pasi hakulalamika. Alimwosha, akamgeuza, akambadilisha bendeji, akakaa kwenye kiti bila kuwasha redio. Siku ya nne alileta bakuli na kulishika mbele yake, bila kijiko. Mama mkwe alivuta pumzi. Akautoa mkono wake wenye bendeji chini ya shuka, mkono uliovimba kama glovu iliyojazwa maji, akalishika bakuli mwenyewe. Bakuli liliinama, uji ukamwagika kidevuni na kifuani na kwenye shuka safi lililonyooshwa asubuhi hiyo. Mpiga pasi aliweka kiganja chake chini ya ule mkono, hakuubeba, akauacha ufanye kazi yake, na wakaenda hivyo hivyo hadi bakuli likaisha.